Baraza limelaani ubaguzi. Je, limejitaja lenyewe?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Uvira, tulifika Marekani kama wakimbizi na sasa tunaishi katika mji wa wastani. Mwezi ujao baraza la mji wetu litapitisha tamko la kulaani ubaguzi wa rangi. Kanisa letu la Kiswahili limeombwa kupeleka watu, na mchungaji ameombwa asimame kando ya meya wakati wa kupiga picha. Vijana wetu wanasema hayo ni maneno matupu. Wazee wanasema tukikataa tutaonekana hatuna shukrani. Je, matamko kama haya yana faida yoyote, au tunatumiwa tu?

Jibu: Ndugu yangu, nakujibu moja kwa moja kwanza, maelezo yatafuata. Tamko la namna hii lina faida pale mji unapotaja waziwazi jambo ambalo wenyewe ulilifanya, kwa nani, na lini. Tamko linalolaani ubaguzi kwa ujumla, kana kwamba ubaguzi ni mvua iliyotunyeshea sote kwa bahati mbaya, halimfungi mtu yeyote. Vijana wenu hawajakosea kulitilia shaka. Wazee nao wana haki ya kutotaka kugombana na mji uliowapokea. Lakini kabla ya kuamua nani aende na nani asiende, ombeni kwanza karatasi yenyewe muisome.

Mabaraza ya miji ya Marekani yana njia kadhaa za kusema jambo, na hazilingani uzito. Ipo taarifa ya meya, anayoisaini mwenyewe na kuisoma mbele ya watu. Lipo azimio, ambalo madiwani hulipigia kura: linaonyesha msimamo wao na linaweza kuwaagiza watumishi wa mji kufanya kazi fulani, ila kwa kawaida halikupi wewe haki ya kwenda mahakamani likipuuzwa. Halafu ipo sheria ndogo, ambayo inafunga hata baraza litakalokuja mpaka ifutwe kwa kura nyingine. Ukisikia tu "baraza limepitisha", bado hujaambiwa ni ipi kati ya hizo.

Azimio likikufikia mkononi utaona lina sehemu mbili. Juu kuna msururu wa aya zinazoanza na "Kwa kuwa": kwa kuwa utumwa, kwa kuwa watu Weusi, kwa kuwa mji wetu unathamini kila mkazi. Chini kuna "Hivyo basi, inaazimiwa". Watu wengi husoma sehemu ya juu, ikawagusa, wakaishia hapo. Wewe anzia chini. Chukua kalamu upigie mstari kila kitenzi. Ukikuta baraza "linatambua", "linaunga mkono", "linasimama pamoja na", hapo hakuna mtu aliyepewa kazi. Ukikuta "mkurugenzi wa mji ataleta taarifa mbele ya baraza kabla ya tarehe fulani", au "kiasi fulani kitatengwa kutoka fungu fulani", hapo kuna kitu cha kushika. Kisha rudi juu uangalie mtendaji ni nani. Je, imeandikwa kwamba familia "zilihamishwa", au kwamba baraza hili lilizihamisha?

Nasisitiza hili la kujitaja kwa sababu miji yenyewe inajua uzito wake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Manhattan Beach, California. Mwaka 1912 mama mmoja Mweusi, Willa Bruce, alinunua kiwanja ufukweni kwa dola 1,225. Yeye na mumewe Charles wakafungua mahali pa mapumziko kwa watu Weusi, wakati ambapo fukwe nyingi ziliwafukuza. Majirani wakawasumbua, lakini walioimaliza biashara ile ni madiwani: mwaka 1924 baraza lilianza kuitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria kwa madai kwamba linataka kujenga bustani ya umma. Familia ililipwa dola 14,500. Bustani haikujengwa, na eneo likakaa tupu miaka mingi.

Mwaka 2021 baraza la mji huohuo lilijadili liseme nini. Likakubali kutambua yaliyotokea na kuyalaani. Kuomba radhi likakataa. Hoja mojawapo iliyotolewa ni kwamba radhi ingeweza kuufungulia mji mlango wa kesi. Tafakari hapo, ndugu yangu. Kati ya tamko la kulaani na tamko la kuomba radhi, tofauti ni neno moja tu, lakini madiwani walibishana juu ya neno hilo na wakaliogopa. Kama maneno ya serikali ya mtaa hayana uzito, hofu ile ilitoka wapi? Wakati huohuo ardhi ilikuwa mikononi mwa Kaunti ya Los Angeles, nayo ilichukua njia nyingine. Bunge la jimbo lilibidi lipitishe sheria ya kuondoa kizuizi cha kuihamisha, na gavana akaisaini Septemba 2021. Julai 2022 kaunti ikawakabidhi wazao wa Willa na Charles hati ya umiliki. Mwaka uliofuata wakaiuzia kaunti ardhi hiyo kwa dola zinazokaribia milioni 20. Kwa hiyo, serikali moja ililaani bila kurudisha kitu, na nyingine ilirudisha. Ukiulizwa tena kama matamko yana maana, uliza kwanza tamko la nani, na kama aliyelitoa ndiye aliyeshika mali.

Chicago ni mfano ninaoupa heshima kubwa zaidi, na nitakaa nao kidogo. Kuanzia 1972 hadi 1991, kamanda wa polisi Jon Burge na maofisa waliokuwa chini yake waliwatesa watu zaidi ya 100, karibu wote wanaume Weusi, upande wa kusini wa jiji. Walitumia shoti za umeme. Waliwafunika watu nyuso kwa mifuko ya plastiki mpaka wakakosa pumzi. Maungamo yaliyopatikana hivyo yakawafunga watu jela miaka na miaka. Ukweli ulipokubalika hadharani, muda wa kisheria wa kumshtaki Burge kwa mateso ulikuwa umepita, na mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke.

Waathirika, mama zao, mawakili na vijana wa harakati hawakusubiri ofisi ya meya iwaandikie tamko. Waliandika wenyewe. Rasimu yao iliwasilishwa baraza mwaka 2013 ikiomba dola milioni 20. Walihudhuria vikao, waliandamana, walibishana na ofisi ya meya kwa mwaka na nusu. Tarehe 6 Mei 2015 baraza likapitisha kifurushi kizima: radhi rasmi ya jiji, mfuko wa dola milioni 5.5, kituo cha ushauri nasaha kwa waliopona mateso, elimu ya bure katika vyuo vya jiji kwao na kwa familia zao, na somo la historia hiyo kwa wanafunzi wa darasa la 8 na la 10 katika shule za umma. Mwaka 2016 watu 57 walianza kulipwa hadi dola 100,000 kila mmoja. Kituo kilifunguliwa mwaka uliofuata. Watoto wa Chicago wanafundishwa leo jina la Burge darasani, na anayelifundisha ni mwalimu anayelipwa na umma uleule uliomlipa Burge mshahara.

Siyo kwamba Chicago imepona. Mnara wa kumbukumbu nao uliahidiwa siku ileile, miaka ikapita mingi bila kujengwa. Yaliyokuwa na kiasi na mahali pa kuchukuliwa ndiyo yaliyotangulia kutekelezwa. Na fedha iliyopatikana ilikuwa karibu robo tu ya iliyoombwa. Lakini radhi ile ilitaja kitengo na kamanda wake, ikataja pia miaka, na kwa hiyo haikuweza kugeuzwa kuwa huruma ya jumla.

Iko sababu nyingine ya kudai mji ujitaje, nayo ni ya kimahakama. Haizungumzwi sana makanisani, ila mawakili wa miji wanaifahamu vizuri. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mji wa Richmond, Virginia, uliokuwa umeagiza kwamba angalau asilimia 30 ya thamani ya kandarasi zake za ujenzi iende kwa kampuni zinazomilikiwa na watu Weusi na makundi mengine. Mahakama iliufuta mpango huo. Ilisema kwamba kutaja ubaguzi wa jamii kwa ujumla hakutoshi, na mji unaotaka kutengeneza jambo kwa kuangalia rangi lazima uwe na ushahidi wa ubaguzi mahususi, ama ulioufanya wenyewe, ama ulioshiriki kuuendeleza. Maana yake kwako ni hii: tamko la jumla halina makali, na zaidi ya hapo linaweza kuuacha mji bila ushahidi siku utakapotaka kutenda. Uchunguzi wa kina wa makosa ya mji ndio msingi wa kila fidia itakayokuja baadaye.

Evanston, mji ulio kaskazini mwa Chicago, ulielewa hilo. Juni 2019 ulipitisha azimio la kujitolea kumaliza ubaguzi wa kimfumo. Lingeishia hapo lingekuwa kama mengine. Lakini diwani Robin Rue Simmons na wenzake walilifuata, na Novemba mwaka huohuo baraza likaunda mfuko wa fidia na kuuelekezea dola milioni 10 za kwanza za kodi ya bangi inayouzwa kihalali. Watafiti wa historia ya mji wakaandaa ripoti ya jinsi mji wenyewe ulivyowabana wakazi Weusi katika makazi. Kutokana na hiyo ukapatikana muda uliowekwa kwenye mpango: wakazi Weusi walioishi pale kama watu wazima kati ya 1919 na 1969, na wazao wao. Tarehe 22 Machi 2021 baraza lilipiga kura 8 kwa 1 kutoa dola 25,000 kwa kila familia kwa ajili ya nyumba, na 16 wa kwanza wakapatikana kwa bahati nasibu Januari 2022.

Kura ile moja ya hapana inastahili kusikilizwa. Ilitoka kwa diwani Mweusi, Cicely Fleming. Hakuwa akipinga fidia. Alisema mpango unaomwagia benki na mafundi nyumba fedha na kumwambia mlipwaji namna ya kuzitumia hauna haki ya kuitwa fidia. Mwaka 2023 mji ukaongeza njia ya kulipwa fedha taslimu. Kodi ya bangi nayo ilikuja polepole kuliko ilivyotarajiwa, ikabidi kuongezwa kodi ya uhamisho wa nyumba, na baadhi ya wazee walifariki kabla zamu yao haijafika. Tangu 2024 mpango huo unapingwa katika mahakama ya shirikisho. Nakueleza haya yote ili usidhani kwamba kujitaja kunamaliza kazi. Kunaanzisha kazi, na kazi yenyewe ina maumivu.

Sasa upande wa pili. Baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, nchi nzima ilifurika matamko. Kaunti ya Milwaukee ilikuwa imetangulia mwaka mmoja, Mei 2019, kutangaza ubaguzi wa rangi kuwa janga la afya ya umma, na mwaka 2020 ikaingiza dhamira hiyo katika sheria ndogo za kaunti. Wengine waliiga tangazo, wengi wakaacha sheria. Kufikia 2021 matangazo ya aina hiyo yalizidi 200. Ukiyasoma mfululizo, mengi yanafanana mpaka koma.

Minneapolis yenyewe ilitoa somo gumu. Tarehe 7 Juni 2020 madiwani tisa walipanda jukwaani katika bustani ya Powderhorn wakaahidi mbele ya umati kwamba wataivunja idara ya polisi. Naamini wengi wao walimaanisha. Lakini katiba ya mji ilikuwa inaulazimisha mji kuwa na idara hiyo, na kuibadilisha kulihitaji kura ya wananchi. Novemba 2021 wapiga kura wakakataa, takriban asilimia 56 kwa 44. Kilichokuja kuubana mji baadaye ni uchunguzi wa idara ya haki za binadamu ya jimbo la Minnesota, na makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2023, yenye mahitaji yanayopimwa na msimamizi wa nje. Umati wa Powderhorn uliahidiwa na watu wasiokuwa na mamlaka ya kutimiza ahadi ile peke yao. Kwa hiyo swali la pili la kuuliza, baada ya lile la kujitaja, ni hili: hili mnaloahidi, liko ndani ya uwezo wenu?

Washington nako, meya Muriel Bowser aliagiza Juni 2020 maneno "Black Lives Matter" (maisha ya watu Weusi yana thamani) yachorwe kwa rangi ya njano, herufi kubwa mno, barabarani karibu na Ikulu. Wanaharakati wa jiji lilelile walisema siku ileile kwamba wao walikuwa wanaomba mabadiliko ya polisi, hawakuomba rangi. Machi 2025, baada ya mswada bungeni kutishia fedha za jiji, mashine zilikuja kukwangua lami. Nilihuzunika, kwa sababu kwa watu wengi mahali pale palikuwa pa kulilia. Lakini sera ambayo ingekuwa imeandikwa katika sheria na bajeti isingeweza kung'olewa kwa trekta.

Na kuna hali inayoniudhi kuliko zote, ya mji unaosema jambo moja ukumbini na jingine mahakamani. Mwaka 2021, Tulsa ilipoadhimisha miaka 100 tangu mtaa wa Greenwood uchomwe na wakazi wake Weusi kuuawa, meya wa wakati huo, G.T. Bynum, aliomba radhi kwa kushindwa kwa serikali ya mji kuwalinda watu wake. Huku mawakili wa mji waliendelea kupinga kesi ya manusura waliokuwa bado hai. Juni 2024 mahakama kuu ya Oklahoma iliitupa kesi ya mabibi wawili waliobaki, kila mmoja akiwa amevuka miaka 100. Mji wenu ukitoa tamko, muulize pia wakili wa mji anasema nini katika kesi zilizo mezani kwake.

Turudi kwenu, Waswahili wa huko. Najua mnafikiri: utumwa wa Marekani na ubaguzi wa nyumba za miaka ya 1920 si historia yetu. Lakini Patrick Lyoya alikuwa Mkongo, kijana wa miaka 26, familia yake iliyokimbia vita ilifika Michigan mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022 polisi wa Grand Rapids alimsimamisha akiwa anaendesha gari, wakavutana, akampiga risasi ya kichwa. Baba yake, Peter, alizungumza na waandishi kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni. Polisi huyo alishtakiwa kwa mauaji, na Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama likashindwa kuafikiana, kisha mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi. Mnapokaa mbele ya meya, hamko pale kama wageni walioalikwa kwenye msiba wa mwingine.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Mchungaji aombe rasimu sasa, siyo usiku wa kikao. Muombeni karani wa mji ajenda na viambatisho vyake kabla ya kikao. Angalieni kama tamko limewekwa kwenye lile fungu la ajenda linalopitishwa kwa kura moja bila mjadala, pamoja na ankara na leseni. Likiwa hapo, muombeni diwani wenu alitoe lijadiliwe na kila diwani asikike. Kisha ombeni sentensi moja au mbili ziongezwe. Msiombe kila kitu. Ombeni kinachowahusu ninyi na kinachoweza kuhesabiwa. Kwa mfano: mji uandae, kabla ya tarehe fulani, taarifa ya mara ngapi polisi na ofisi zake walihitaji mkalimani wa Kiswahili mwaka uliopita, na mara ngapi alipatikana. Hilo si hisani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazikataza taasisi zinazopokea fedha za shirikisho kubagua kwa sababu ya asili ya taifa, na Mahakama Kuu ilishasema mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina San Francisco, kwamba kumwacha mtu bila msaada wa lugha kunaweza kuwa ubaguzi wa aina hiyo. Amri za marais kuhusu lugha huja na kuondoka. Sheria ile ingalipo.

Usiku wenyewe mtaandika majina mlangoni, mtaitwa mmojammoja, na kwa kawaida kila msemaji hupewa dakika mbili au tatu, taa ikigeuka nyekundu zimekwisha. Mama anayezungumza kwa mkalimani hupoteza nusu ya muda wake. California ina sheria inayomwongezea muda huo mara mbili. Kwenu ombeni mapema mwenyekiti wa kikao afanye vivyo hivyo, na muombe ombi lenu na jibu lake viingie kwenye kumbukumbu.

Kuhusu picha: wakikubali kuongeza sentensi yenu, mchungaji asimame, tena mbele. Wakikataa, asimame ukumbini kati ya waumini wake, aseme dakika zake tatu kwa heshima, awashukuru madiwani kwa lile walilosema na awatajie lile waliloliacha. Kufanya hivyo si kukosa shukrani. Mnalipa kodi pale. Na muulizeni karani kabla hamjaondoka kikao cha kusikiliza maoni ya bajeti ni tarehe ngapi. Ukumbi huwa nusu tupu usiku huo, hakuna wapiga picha, na sauti za watu ishirini kutoka kanisa moja husikika hadi meza ya mkurugenzi wa fedha.